Hatua Saba hadi Mlangoni

Nyumba ya tatu baada ya karakana,
Chumba cha mbele.
Jumatano, tarehe 21 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko? Wifi yangu hajambo? Na wale watundu wako wawili, bado wanagombania dirisha la ghorofani? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jino limeshang'olewa, maana kwa kumkimbia daktari wewe hujambo. Sisi huku tu wazima, wa kula na kutembea, ila uchovu. Kaka, nimechoka. Nimechoka mpaka nywele zimechoka. Usishangae mwandiko ukipinda, meza hii ilivunjika mguu mmoja safarini na sasa imeegemea ndoo.

Najua unachosubiri. Tangu tulipokuaga unauliza jambo lilelile: Mama abaki na sisi, au mwisho wa mwezi uje umchukue akaishi kwako. Kwenye simu nimekuwa nikikuzungusha, mara mtandao mbaya, mara chaji imeisha. Mtandao ulikuwa mzuri tu, Kaka, nisamehe. Nilikuwa siwezi kulisema bila kulia, na kulia kwenye simu ni kumtia mtu wa mbali wasiwasi wa bure. Jibu ninalo leo na nitakupa. Ila niache nianzie barabarani, maana mambo yalianza kuharibika huko.

Wewe uliondoka macho ya Mama yakiwa bado yanaona, kwa hiyo kuna kitu hukijui vizuri. Miaka yote tisa tangu yalipozimika, kule nyumbani hakuna aliyemshika mkono. Alikuwa na hesabu zake: hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni, kumi na moja hadi jikoni, kumi na tisa hadi msalani, na kidato kimoja cha kushuka. Sisi kazi yetu ilikuwa moja tu, kutosogeza kitu. Mgeni akivuta kigoda asikirudishe, Mama anamsema mpaka mgeni anakumbuka kuwa ana safari. Alijipikia chai mwenyewe, alifua, na wanangu wakileta ujeuri aliwachapa kwa kulenga sauti, na hakukosea.

Shemeji yako alipopata kazi ya kuchomelea mageti huku, swali la kwanza nyumbani lilikuwa Mama. Akatangulia peke yake kutafuta nyumba. Siku tatu nzima alizunguka mitaani na tepu yangu ya kupimia nguo mfukoni, anaingia nyumba za watu anapima, mpaka wengine wakamwuliza kama anatafuta nyumba au anataka kuishonea gauni. Akapata moja iliyofanana na yetu kama mapacha. Ukishuka kitandani mlango uko kulia, jikoni mbele, choo nyuma. Alirudi anacheka peke yake. Mama akamhoji kama hakimu, akamaliza, akasema, "Kama ni saba, kumi na moja na kumi na tisa, basi nipakieni."

Tukaondoka Jumamosi asubuhi. Dereva wa lori tulilokodi ni mtu mnene, mpole, tuliyempa jina la Tutafika, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Tutakula wapi? Tutafika. Mvua ikinyesha je? Tutafika. Mama tulimweka kwenye kabini katikati, mimi dirishani, shemeji yako na binti zetu wawili juu ya mizigo chini ya turubai. Saa mbili za kwanza lami ilikuwa nzuri hata nikasinzia. Kisha tukakuta barabara inajengwa, tukachepushwa porini, na huko tulikula vumbi mpaka meno yakawa yanasaga mchanga.

Hapo Mama akasema, "Dereva, gurudumu la nyuma linagonga." Tutafika akacheka, akasema ni barabara hiyo, Mama, ni mawe. Mama akasema tena, "La kushoto. Mawe hayagongi kwa mpango." Yule bwana akakanyaga breki kwa kumridhisha tu mtu mzima. Alipozunguka nyuma alirudi uso umempauka. Nati tatu zimelegea na moja haipo kabisa. Tangu hapo ikawa kila baada ya muda anamgeukia, "Mama, tunaendeleaje huko nyuma?" Mama anajibu, "Twende." Nilijivunia, Kaka. Laiti safari ingeishia pale.

Tulikaa kando ya njia saa tatu tukisubiri nati. Jua kali, kivuli ni cha lori tu. Mama akataka kujisaidia. Ikabidi nimshike mkono nimpeleke nyuma ya kichaka, nimwonyeshe pa kukanyaga, nisimame naye, nimrudishe. Mkono wake ulikuwa mgumu kama ufagio. Jioni kwenye nyumba ya wageni ikawa hivyohivyo: mkono kwenda kitandani, mkono kwenda bafuni, mkono kwenda mezani. Asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, mkoba mapajani. Akaniambia haya, nayaandika kama alivyoyasema, "Jana nimesafirishwa na vyombo, na mimi nikawa chombo. Nimevumilia kwa kuwa ni njia. Lakini nikifika huko nikashindwa kwenda msalani bila kushikwa mkono, mwite kaka yako aje anichukue. Nikazeekee kwenye kiti huko ghorofani. Mzigo ni mzigo, bora uhamishwe mara moja."

Kaka, usichukie. Anajua unampenda. Anajua pia kwamba wewe na wifi mnatoka asubuhi na kurudi jua limezama, na kwamba ngazi zenu ni tano za kuzunguka. Kwako angekuwa mtu wa kufungiwa mlango mpaka mrudi. Mimi nilimwapia kwamba hilo halitatokea.

Siku ya pili mvua. Magodoro mawili yaliloa, meza ikavunjika mguu, yule mdogo akatapika juu ya mapazia. Tukafika Jumapili alasiri tukiwa kama nguo zilizokamuliwa. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nje na uso umemshuka. Nyumba kampa mpwa wake. Mpwa kafunga ndoa ghafla, akasema, na damu nzito kuliko maji. Shemeji yako, ambaye hata kuku akimdonoa huomba radhi yeye, alimwambia maneno ambayo sitayaandika.

Bosi wake akatufungulia stoo ya karakana. Tukalala siku nne katikati ya mabati na fito za chuma, kutwa mashine zinalia na harufu ya kuchomelea. Mama alikaa juu ya gunia la nguo, mgongo umenyooka, mkoba mapajani, anauliza, "Bado hatujafika?" Na mimi, Kaka, nikamjibu, "Tumefika, Mama. Nyumba inapigwa rangi tu."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza sana. Nadhani ningesema kweli ningemwona akivunjika mbele yangu, na sikuwa na nguvu za kubeba kitu kingine. Shemeji yako alisikia, akaniangalia, akageukia mizigo. Naye alikuwa amechoka.

Alhamisi tukapata nyumba hii. Nzuri, dari zima, bomba uani. Tukahama tena, safari hii kwa mkokoteni, mara sita kwenda na kurudi. Mama tukamwambia rangi imekauka. Sasa sikiliza ujinga wa watu wawili wenye ufundi wa kupima. Tulimwacha kwa jirani tukafunga mlango, mimi na tepu, shemeji yako na chaki. Tukasogeza kitanda mpaka hatua zikawa saba hadi mlangoni. Jikoni tukahamisha jiko na pipa la maji mpaka zikawa kumi na moja. Msalani shemeji yako alimwaga zege kidogo akatengeneza kidato, zikawa kumi na tisa kamili. Tukapeana mikono kama watu waliojenga daraja. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba nyumba hii imegeuka, kwamba ukishuka kitandani mlango uko kushoto. Sisi tulikuwa tunauona mlango, tukaenda tu. Hatua saba ni saba, lakini saba za kwenda wapi?

Kulia, kwenye kona iliyobaki, niliweka cherehani yangu.

Ijumaa asubuhi nilimsikia Mama anaamka. Nilisikia anavyosafisha koo, kama zamani, na nikatabasamu humo jikoni, Mungu anajua. Alishuka, akageuka kulia, akatembea. Hakupapasa. Alitembea kama mtu aliye kwake. Njia ya mwongo ni fupi, Kaka, na yangu ilikuwa ya hatua nne. Alijigonga kwenye kona ya chuma ya cherehani akaanguka nayo.

Alishonwa nyuzi nne juu ya nyusi kwenye zahanati. Mimi ninayeshona kutwa sikuweza kuitazama ile sindano. Mkono wa kulia ulivimba lakini haukuvunjika. Tuliporudi alilala, akageukia ukutani. Nikapiga magoti nikamwambia yote: mpwa wa mwenye nyumba, stoo, rangi, tepu. Kisha akasema, "Mngeniambia ni nyumba nyingine, ningepapasa. Mmeniambia ni ileile, nikaamini. Mwandikie kaka yako."

Siku nane hakuinuka ila kwa kushikwa mkono. Binti yangu mkubwa alimpeleka msalani, nami nikampeleka, na kila mara ule mkono ulikuwa mwepesi zaidi, kama mtu aliyeacha kubishana. Hicho ndicho kilinitisha. Mama aliyenyamaza mimi simjui. Nilianza barua hii mara tatu nikikuambia uje. Ya kwanza nikaichana, ya pili nikaichana, ya tatu nikaikunja nikaiweka chini ya godoro, nikisubiri apatikane wa kwenda posta.

Jumamosi iliyopita, mchana, wote tupo ndani, Mama akaita. Akauliza, "Hii nyumba ina vyumba vingapi?" Nikaanza kueleza, viwili na jikoni, dirisha liko. Akanikata. "Sikuulizi dirisha. Toeni vyombo." Vyombo gani, Mama? "Vyote. Kitanda, kabati, na hilo dude lako la kushonea. Nyumba ibaki tupu. Nimeoneshwa nyumba ya uongo, sasa nataka ya kweli."

Shemeji yako alikuwa ndiyo kwanza amekaa, baada ya wiki nzima ya kuinamia chuma. Alivuta pumzi ndefu, akasema, "Tunahama mara ya tatu," akainuka. Tukatoa kila kitu uani. Jirani, muuguzi aliyetupokelea Mama siku ile, akaona vitu nje, akaja mbio na uso wa msiba kutupa pole, akidhani tumefukuzwa. Shemeji yako akamwambia, "Hapana dada, ni mama mkwe anakagua." Yule muuguzi alisimama ukutani kutazama mpaka mwisho.

Mama aliingia peke yake. Alikuwa na bandeji usoni na mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa, na huo mwingine ameutanguliza. Akapiga kofi mapajani, akasikiliza. Akasogea, akapiga tena. Akagonga kuta kwa kifundo cha kidole kuanzia mlango hadi mlango, anahesabu kwa sauti, anapotea, anasonya, anarudi mwanzo. Mara mbili alijikwaa na mara mbili nikaruka, akasema, "Kaa!" kama anavyomwambia mbwa. Akasema fundi aliyejenga alikuwa na haraka ya kwenda wapi, mbona mlango wa jikoni umepinda. Shemeji yako akachukua tepu, akapima. Umepinda vidole viwili.

Jua likiwa linashuka akaketi sakafuni katikati ya chumba, jasho linamtoka, akaanza kuamuru. Kitanda kije. Siyo hapo, huku, miguu iangalie mlango. Kabati pale. Nikamwambia, Mama, hapo kabati linaziba nusu ya dirisha. Akajibu, "Dirisha mimi la nini?" Tukacheka, Kaka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Sasa nyumba imekaa vibaya, ukweli ni huo. Kupita kati ya kabati na meza lazima uende ubavu, na cherehani yangu iko jikoni karibu na pipa, nguo za wateja zitakuja kunuka moshi. Hesabu mpya ni tisa, sita, na ishirini na tatu. Kile kidato cha zege shemeji yako kaambiwa akivunje, na kakivunja.

Lakini mimi, Kaka, sikupona. Nilikuwa namfuata. Akiinuka nainuka, akienda jikoni niko nyuma yake kwa ncha za vidole, nimenyoosha mikono kama mtu anayefukuza kuku. Anasema, "Nyayo zako nazisikia." Nasema nafuata uzi tu. Usiku silali, nasikiliza. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Barua ile ya kukuita bado iko chini ya godoro, na kila ninapolala naisikia mgongoni. Nilijiambia akianguka mara moja tu tena, naituma. Shemeji yako aliniambia nitaanguka mimi kabla yake. Sikumsikiliza.

Leo asubuhi wote wametoka, watoto shuleni na shemeji yako kazini. Mama alikuwa kitandani, anakunja nguo. Nikakaa na gauni la mteja, nikasema nifumbe macho kidogo, mshono mmoja tu. Nilipofumbua, jua lilikuwa limefika upande wa pili wa sakafu na shingo imekauka. Nyumba kimya. Kitanda cha Mama kitupu, nguo zimekunjwa na kupangwa juu yake. Jikoni hayupo. Msalani hayupo. Nikatoka nje kwa kushika ukuta, kama mimi ndiye nisiyeona.

Alikuwa getini, amesimama mwenyewe, ameshika nguzo kwa mkono mzima. Njia ile mimi sikuwahi kuipima. Kulikuwa na muuza mboga na baiskeli yake, yule anayeita kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, amesimama kama mwanafunzi aliyekosa. Na Mama anamwambia taratibu, kidole kimeinuliwa, "Shusha sauti, baba. Mwanangu amelala. Katoka safari ndefu."

Nina miaka arobaini na mbili, Kaka. Nina watoto wawili, mume, na wateja wanaonidai magauni. Sikumbuki ni lini mtu alisimama mlangoni kulinda usingizi wangu. Nililia pale ukutani, kwa mdomo uliofungwa, asinisikie. Alinisikia. Akasema bila kugeuka, "Rudi ukalale. Mboga nanunua mimi." Nami nikarudi nikalala, mpaka watoto walipotoka shule.

Kwa hiyo Kaka, usije kumchukua Mama. Ile barua nyingine nimewashia jiko. Njoo mwezi ujao au Mungu akijalia wakati wowote, uje kutusalimia tu, na ukifika piga hodi, utamsikia yeye akikufungulia.

Mama anakusalimu sana. Nimemsomea barua hii hadi hapa, akasema nimejiongezea uchovu ili unionee huruma. Shemeji yako anakusalimu, binti zangu wanamwamkia mjomba wao. Mbusu wifi kwa niaba yangu, na wale watundu waambie shangazi yao anawashonea kaptura, ila wavumilie harufu ya moshi. Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe na watu wa kukushushia sauti ukilala.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa hoi,

Fundi Cherehani